Picha ina vimeta, sabufa inavuma: tafuta ugonjwa kabla ya kununua waya wa laki tatu

Ingia duka la elektroniki Kariakoo, sema TV yako inasumbua, na mara nyingi utatoka na waya. "Kaka, huu una dhahabu, picha itakaa kama sinema," anakuambia kijana wa kaunta, na bei yake ni mara ishirini au thelathini ya ule unaoning'inia pembeni yake. Wengi wanalipa. Wakifika nyumbani wanaukuta ugonjwa uleule, na baadhi wanaamini rangi zimekolea kweli kwa sababu pesa imeshatoka.

Niseme msimamo wangu mapema. Kama waya wa HDMI, ule mmoja unaopeleka picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi hadi TV, ni wa bei ndogo lakini unafikisha data yote, wa bei kubwa hauna cha kuongeza, si kwenye picha wala kwenye sauti. Hata hivyo, yapo matatizo ya kweli yanayoletwa na waya, na dalili zake hazifanani na za kitu kingine chochote. Ukizijua dalili hizo, utajua lini ununue waya, lini upande juu ya bati ukaangalie dishi, na lini ubaki kwenye kochi ushike rimoti tu.

Waya unabeba nini hasa

Imani kwamba waya bora huleta picha bora haikuzuka hewani. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kabla ya hapo kila mwenye TV alijionea mwenyewe: ukibadilisha waya wa antena, chenga zinapungua. Mawimbi yalififia kidogokidogo na picha ikafifia nayo. Nyaya za AV, zile za njano, nyekundu na nyeupe, nazo ni za ukoo huohuo. Zinabeba umeme unaopanda na kushuka kufuata mwanga wa picha na sauti yenyewe, kwa hiyo uchafu wowote unaoingia njiani unaonekana kiooni au unasikika kwenye spika.

HDMI, iliyotangazwa Desemba 2002, haifanyi hivyo. King'amuzi kinaipa kila nukta ya picha namba zake za nyekundu, kijani na bluu, na namba hizo zinasafiri kama sifuri na moja. Kazi ya TV upande wa pili ni kuamua tu kama hii ni sifuri au ni moja. Ikiamua sawasawa, inachopata ni kilekile kilichotumwa. Ukimtumia mama elfu hamsini kwa simu, zinafika elfu hamsini. Simu ya bei mbaya haizifanyi zifike elfu sitini.

Sasa fikiria waya ulio dhaifu. Ili uso wa mtangazaji ufifie kidogo, au weusi wa suti yake uwe kijivu, makosa yangelazimika kugusa namba za kila nukta, yote kwa kiasi kilekile na yote upande mmoja. Waya mbovu hauna akili hiyo. Makosa yake yanaanguka ovyo: nukta hii inageuka nyeupe, ile inageuka kijani, ya jirani inabaki salama. Ndiyo maana mtu akikuambia waya wake umeongeza "kina cha weusi" au "ulaini wa rangi", anakueleza jambo ambalo HDMI haiwezi kulifanya, hata kama yeye mwenyewe ameliamini kwa moyo wote.

Vimeta, mistari, kioo kinazima na kuwaka

Hii ndiyo dalili halisi ya waya wa HDMI. Utaona nukta nyeupe au za rangi zikimetameta, na ni rahisi zaidi kuziona kwenye sehemu zenye giza, au mstari mwembamba ukikatiza kioo mara moja na kupotea. Ikizidi, kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde moja au mbili, picha inarudi, kisha inapotea tena. Sauti hukatika pamoja nayo kwa kuwa inasafiri ndani ya waya huohuo.

Chanzo cha kwanza ni urefu wa waya ukiulinganisha na mzigo unaobebeshwa. Picha ya 1080, yaani ya mistari 1080, yenye fremu (picha nzima) 60 kwa sekunde inahitaji takriban gigabiti 4.5 kwa sekunde. 4K, yenye mistari 2160, kwa fremu 30 inahitaji karibu 9. 4K ya fremu 60 inakaribia 18, ambacho ndicho kikomo cha HDMI 2.0 ya mwaka 2013. Mashine za michezo ya video zinazotoa 4K ya fremu 120 zinaingia kwenye HDMI 2.1 ya mwaka 2017, yenye kikomo cha 48. Ving'amuzi vingi vinavyotumika hapa mjini havivuki 1080. Kwa mzigo huo, waya wa kawaida wa mita moja na nusu una nafasi tele, na hakuna dhahabu itakayoufanya upitishe zaidi ya kile kinachotumwa.

Jinsi ya kuthibitisha: ingia kwenye mipangilio ya kifaa kinachotuma picha, ushushe kutoka 4K hadi 1080. Vimeta vikiisha, waya umelemewa. Halafu azima waya mfupi kutoka chumba kingine, hata ule wa king'amuzi cha watoto, urudishe 4K na uangalie tena. Ukipata picha safi, ugonjwa umeupata, na dawa yake ni waya mwingine unaomudu mzigo huo, si lazima uwe wa laki tatu. Kwenye mfumo mpya wa 2.1, ule wa kasi kubwa, kuna usahihishaji wa makosa ndani yake, hivyo vimeta huonekana mara chache. Waya ukishindwa, kioo kinazima moja kwa moja au kifaa chenyewe kinashuka hadi ubora wa chini bila kukuambia.

Chanzo cha pili ni tundu. TV iliyotundikwa ukutani mara nyingi waya wake umekunjwa kwa nguvu nyuma, au unaning'inia na kuvuta kichwa kwenda chini. Mwezi baada ya mwezi tundu linalegea. Shika kichwa cha waya ukitikise taratibu picha ikiwa inaonekana. Ikibadilika, jaribu tundu lingine la TV kabla ya kulaumu waya. Wakazi wa Msasani, Mbezi Beach, Kunduchi na Kigamboni wana jambo la ziada, nalo ni chumvi ya bahari iliyo hewani. Pini zinapata ukungu wa kutu usioonekana kirahisi. Hapa ndipo dhahabu ina kazi ya kweli, kwa sababu haipati kutu. Lakini tabaka linalopakwa kwenye pini ni jembamba mno, na nyaya nyingi za bei ya kawaida zinalo tayari.

Kabla hujachomoa chochote, zima swichi za soketi za vifaa vyote viwili. Nasisitiza hili kwa sababu matundu mengi ya HDMI yanakufa kwa kupuuzwa kwake. Ukigusa chuma cha king'amuzi chenye plagi ya pini mbili ukahisi mkono unatekenywa, huo ni umeme mdogo unaovuja kupitia kapasita za pawa saplai. Mtu haumdhuru, lakini unapochomeka waya vifaa vikiwa vimewaka, unaweza kupitia kwenye pini za data na kuua chipu iliyo nyuma yake. Chomeka nyaya zote kwanza, washa umeme mwisho. Na wakati wa masika, radi zikianza, chomoa pia waya wa dishi.

Picha inavunjika vipande vya mraba na kuganda

Watu wengi huipeleka dalili hii kwenye HDMI, na ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mechi ya Simba na Yanga inaendelea, mpira unapigwa, mara nusu ya uwanja inageuka vigae vya rangi, mchezaji anagawanyika, sauti inatoa mlio mkali na picha inaganda.

Waya wa HDMI hauwezi kutengeneza mraba ule. Picha inaporushwa kutoka kwenye setilaiti imebanwa ili ichukue nafasi ndogo, na ubanaji huo unaigawa picha katika vipande vya mraba. Data ikipungua kabla ya kufika kwenye king'amuzi, kinachoharibika ni kipande kizima, na kwa kuwa fremu zinazofuata zinategemea zile zilizotangulia, uharibifu unabaki kiooni kwa muda. Kufikia HDMI, king'amuzi kimeshaifungua picha yote na kinatuma nukta moja moja. Kosa la hapo linagusa nukta, haligusi kipande. Kwa hiyo kanuni ni hii: miraba inatoka kabla ya king'amuzi, vimeta vinatoka baada yake. Ukiishika kanuni hiyo, nusu ya safari za Kariakoo hazitakuwa na sababu.

Fungua menyu ya king'amuzi inayoonesha nguvu na ubora wa mawimbi. Ubora ukiwa unacheza, au ukishuka kila mvua inapoanza, tazama nje. Mawimbi ya setilaiti zinazotumika kwa TV za majumbani yanamezwa na mvua kubwa, na hilo halina dawa ya moja kwa moja isipokuwa dishi lililolengwa vizuri au lenye kipenyo kikubwa zaidi, ili uwe na akiba. Lakini king'amuzi kinachosumbua hata siku ya jua kina tatizo la waya mwingine kabisa: ule mnene mweusi au mweupe unaoshuka kutoka kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi.

Fungua koneka yake pale kwenye LNB. Uzi wa katikati unapaswa kung'aa. Ukiwa mweusi au una ukungu wa kijani, maji na chumvi vimeshaingia. Waya huo haubebi mawimbi tu. Unapeleka pia umeme wa volti 13 au 18 kuiendesha LNB, na pini yenye kutu inayopitisha umeme huzidi kuliwa. Kata sentimita kadhaa hadi ufike kwenye shaba safi, vaa koneka mpya, ifunike kwa mpira wake, na uache waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia ndani ili maji yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi ukutani. Koneka hazina gharama ya kutisha. Sijaona waya wa HDMI wa bei yoyote unaoweza kufanya kazi hiyo.

Kama unatazama kwa intaneti, miraba na picha iliyofifia ghafla zinatokana na kasi. Netflix wanapendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa 1080. Na kama programu hiyo iko ndani ya TV yenyewe, picha haipiti kwenye waya wa HDMI hata kidogo. Inatoka kwenye ruta hadi ndani ya TV na kuishia hapo.

Picha imefifia au haina ukali

Hapa shika rimoti. Kwanza tazama waya uliopo. Ukikuta bado king'amuzi kimeunganishwa kwa AV ya njano, badilisha leo hii uweke HDMI ya bei ndogo kuliko zote dukani. Utaona tofauti kubwa, na ni tofauti ya kweli: waya wa njano unabeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, kwa mistari 576 tu, wakati TV yako ina 1080 au 2160.

Ukishakuwa na HDMI, angalia king'amuzi kimepangwa kutoa ubora gani. Vingine vinatoka dukani vikiwa kwenye 576 au 720. Kumbuka pia kwamba chaneli nyingi zinarushwa kwa ubora wa kawaida. Chaneli hiyo kwenye TV ya inchi 65 itaonekana laini, na hakuna kilicho kati ya king'amuzi na kioo kinachoweza kurudisha maelezo ambayo hayakurushwa.

Kisha mipangilio ya TV. Ile hali ya rangi kali inayotumika madukani imetengenezwa ishindane na taa za dukani. Sebuleni usiku inachoma macho na kufanya ngozi za watu kuwa za machungwa. Chagua hali ya sinema. Punguza kipimo cha ukali, kwa sababu kikiwa juu kinachora ukingo mweupe kuzunguka kila kitu na watu wanadhani ndiyo ubora. Ukiona maandishi ya chini ya kioo yanakatwa, tafuta mpangilio wa ukubwa wa picha unaoonesha nukta zote bila kuvuta.

Wenye mashine za 4K wana mtego wao. Matundu ya TV nyingi yanatoka kiwandani yakiwa na mzigo mdogo. Samsung wanaita mpangilio huo Input Signal Plus, LG wanaita HDMI Deep Colour. Usipouwasha kwa tundu husika, rangi pana hazitapita, na utaendelea kubadilisha nyaya bila mafanikio.

Hakuna picha kabisa

Zima vifaa vyote kwenye soketi, subiri dakika moja, washa TV kwanza, kisha king'amuzi. Vifaa hivi husalimiana kabla ya picha kutoka, vikiulizana ubora na ulinzi wa hakimiliki, na baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla salamu hiyo hukwama. Kifaa cha 4K kikipitia amplifaya ya zamani isiyo na HDCP 2.2, toleo la ulinzi huo linalotumika kwa 4K, utapata kioo cheusi au ujumbe wa kukataliwa. Hapo waya hauhusiki. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye TV.

Sabufa inavuma

Tumeingia kwenye sauti, ambako nyaya za analojia bado zipo na kwa hiyo waya unaweza kuwa na hatia. Hata hivyo, mara nyingi hatia si ya bei yake.

Mvumo mzito usiobadilika ukipunguza sauti ni umeme wa nyumbani, wa Hz 50, uliojipenyeza. Tafuta mlango wake kwa kuondoa kitu kimoja kimoja. Chomoa nyaya nyekundu na nyeupe nyuma ya sabufa, uache umeme tu. Ikiendelea kuvuma, ugonjwa uko ndani ya sabufa yenyewe, mara nyingi kapasita za pawa saplai zilizochoka, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikinyamaza, rudisha nyaya, kisha ondoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ikinyamaza sasa, umeme unazunguka kati ya erthi mbili, ya dishi na ya soketi. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, na mwombe fundi umeme aunganishe erthi ya dishi na ile ya nyumba.

Kuna mafundi wanaokata pini ya erthi kwenye plagi, na mvumo unaisha kweli. Usikubali. Siku waya wa ndani ukigusa boksi la chuma la amplifaya, erthi ndiyo inayokata umeme. Bila hiyo, mtoto atakayegusa ndiye atakayekuwa njia.

Mvumo unaobadilika ukishika kichwa cha waya ni dalili kwamba wavu wa ndani wa waya umekatika. Huo tupa, nunua mwingine wa kawaida wenye kichwa kinachobana. Mvumo unaokuja simu ikiwa kwenye chaja tu ni wa chaja.

Kama sabufa au saundiba yako ina tundu la mwanga, litumie. Mfumo huo uliletwa na Toshiba mwaka 1983 na unapitisha mwanga badala ya umeme, hivyo erthi haziwezi kugombana kupitia kwake. Usipotoa sauti, angalia kama kile kifuniko kidogo cha plastiki bado kipo kwenye ncha, kwa maana husahaulika sana. Chomoa upande wa spika uone kama kuna mwanga mwekundu: ukiwepo, TV inatuma, na tatizo liko kwenye mipangilio. Jaribu PCM (sauti isiyobanwa) badala ya Dolby (sauti iliyobanwa). Nyuzi za ndani ya waya huo ziwe za plastiki au za kioo, zinafikisha namba zilezile.

Besi imepotea, sauti ya mtu haijulikani inatoka wapi

Nyuma ya spika kuna nyekundu na nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, koni yake inarudi ndani wakati ya mwenzake inatoka nje, na besi zinafutana hewani. Dalili yake ni ya pekee: ukikaa katikati, mwimbaji anasikika kama yuko kila mahali, na besi inaongezeka ukisogea pembeni. Watu wanaita hali hiyo waya dhaifu na kununua mnene. Geuza ncha mbili za spika moja tu, usikilize. Kama nyaya zimepita ukutani na hujui ipi ni ipi, zichomoe kwenye amplifaya na uziguse kwa sekunde moja kwa betri ndogo ya volti 1.5, koni ya besi ikisukumwa nje, waya ulioshika upande chanya ndio wa nyekundu.

Unene wa waya wa spika una maana, na unaweza kukokotolewa. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya, umeme unapita mita 20, kwenda na kurudi. Shaba ya milimita za mraba 0.5, kama zile nyuzi nyembamba zinazokuja ndani ya boksi, inakupa ukinzani wa takriban ohmu 0.7. Ya 1.5 inakupa 0.23, na ya 2.5 inakupa 0.14. Kwa spika ya ohmu 4, wembamba huo wa 0.5 unakula desibeli 1.4, kiasi ambacho sikio makini linaweza kukinasa. Wa 2.5 unakula 0.3 tu. Kwa hiyo kwa mita tatu au nne za sebule ya kawaida, nunua 1.5, ukienda mbali, 2.5. Fundi umeme yeyote anavijua vipimo hivyo, kwa sababu 1.5 ndiyo ya taa na 2.5 ndiyo ya soketi. Chagua waya laini wenye nyuzi nyingi.

Kinachopaswa kukutia hofu dukani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa nje inang'aa kama shaba, lakini ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu, na ncha zake hukatika ukizikaza. Omba ruhusa, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu hadi ndani, chukua. Ukitoa weupe wa fedha chini ya ngozi nyekundu, rudisha.

Zaidi ya shaba halisi, unene unaotosha na ncha zilizobana, sijui kitu kingine cha kulipia. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyeishi Marekani na kutumia maisha yake kufichua madai ya uongo, aliweka dola milioni 1 kwa atakayeweza, bila kuona, kutofautisha nyaya za spika za Pear Anjou zilizouzwa zaidi ya dola 7,000 na nyaya za kawaida. Tuzo yake ilifungwa mwaka 2015 bila mtu kuichukua. Jaribio hilo unaweza kulifanya nyumbani. Kijana mmoja abadilishe nyaya nyuma ya pazia au asizibadilishe, sauti ibaki pale pale, nawe uandike unachosikia mara kumi. Ukipatia tano au sita, umebahatisha.

Maneno ya filamu hayasikiki

Muziki unatikisa dirisha, waigizaji wakizungumza unaongeza sauti. Kwanza, ukitumia mfumo wa spika tano na sabufa, hakikisha ya katikati imeunganishwa. Maneno mengi yanapita hapo. Kama una spika mbili tu, mwambie amplifaya kwamba ni mbili. Zima madoido ya kuzungusha sauti kwenye TV.

Kisha tazama chumba. Sebule nyingi za Dar zina sakafu ya tailizi, kuta za tofali za saruji, madirisha ya aluminiamu na dari ya jipsamu. Piga makofi katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaobaki, ndio huohuo unaomeza maneno. Zulia mbele ya spika na mapazia mazito vitafanya kazi ambayo nyaya haziwezi kufanya. Sabufa iliyo konani isogeze kwenye ukuta ulio wazi, maana kona inaikuza besi kupita kiasi.

Sauti ikitangulia midomo, usihangaike na waya. TV ndiyo inayotumia muda kuchakata picha. Tafuta mpangilio wa kuchelewesha sauti, au washa hali ya michezo ya video (Game Mode), inayopunguza uchakataji huo. Saundiba isipotoa sauti kupitia HDMI, hakikisha uko kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, lile linalorudisha sauti kutoka kwenye TV, na washa mawasiliano ya vifaa, ambayo Samsung wanayaita Anynet+ na LG Simplink.

Pale pesa ya ziada inapokuwa na kazi

Kwa mashine ya 4K ya fremu 120, nunua waya wenye lebo ya Ultra High Speed yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Maneno "8K" au "HDMI 2.1" yaliyochapwa kwenye waya peke yake hayathibitishi kitu.

Kwa projekta ya ukumbini au ya kibanda umiza, iliyo mita 15 kutoka kwenye king'amuzi, waya wa shaba mnene unaweza kumudu 1080, lakini kwa 4K ya fremu 60 shaba huanza kusumbua baada ya mita chache tu. Hapo nunua HDMI ya nyuzi za mwanga, na ulipe bei yake bila kinyongo. Ncha zake hazifanani: moja imeandikwa ya kifaa kinachotuma, nyingine ya kioo. Ukiigeuza haitoi picha.

Kama utapita ukutani, weka paipu pana. Ile ya milimita 20 inayotumika kwenye taa haipitishi kichwa cha HDMI kwenye kona. Acha kamba ndani yake ya kuvutia waya mwingine baadaye, washa kila kitu kwa ubora wa juu utakaoutumia, na utazame saa kadhaa kabla fundi hajapiga plasta.